Mwenye Fedha Aliuliza Simu Iko Wapi

Oktoba 2022, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipiga mnada masafa, na kampuni za simu zikayanunua kwa zaidi ya dola milioni 187 za Marekani. Mwezi mmoja kabla ya hapo Vodacom ilikuwa imekwisha kuwasha 5G. Tangu wakati huo, watu wa fedha ninaokutana nao wananiuliza jambo moja: hela hizi zitarudi lini? Mpwa wangu anafanya kazi kwa dalali wa hisa. Alikuja nyumbani na taarifa za mwaka za kampuni za simu, akaziweka mezani, akasema, "Shangazi, ofisini kwetu wanasema 5G inameza fedha, hairudishi. Wewe umeishi na mambo haya. Wana haki ya kuwa na shaka?"

Wana haki. Lakini shaka nayo ina mahali pake pa kuelekezwa. Kwa muda niliokaa katika biashara ya intaneti isiyotumia waya, nimewaona wenye mitaji wakiielekeza pasipostahili mara kwa mara, na waliokosa huduma ni watu ambao hawakuwamo hata katika kikao. Nilimsimulia mpwa wangu niliyoyaona. Nayaandika hapa kwa sababu swali si lake peke yake.

Mwaka 2007 nilikuwa mhasibu katika kampuni ndogo ya intaneti katikati ya jiji la Dar es Salaam. Mkongo wa baharini ulikuwa haujafika pwani yetu. Data yote ilipanda na kushuka kwa setilaiti, na kwa megabiti moja kwa sekunde tulilipa maelfu ya dola kila mwezi. Wateja wetu walikuwa balozi, mashirika, hoteli na intaneti kafe ambako vijana walipanga foleni kufungua barua pepe. Mkurugenzi wetu, kijana aliyesomea uhandisi, aliweka matumaini yake kwenye WiMAX: unafunga kituo kimoja juu ya ghorofa, na wateja walio ndani ya kilomita kadhaa wanapata intaneti ya kasi bila mtu kuchimba barabara. Mikongo ilikuwa njiani. Alijua kwamba ikifika bei ya data itashuka, na atakayeuza ni yule ambaye amekwisha kutengeneza njia ya kuifikisha nyumbani kwa mtu. Kwa hilo hakukosea.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa mahesabu na kufuatana naye kuomba fedha. Tulianzia benki. Afisa mikopo alitusikiliza kwa utulivu, akapekua karatasi zetu moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza mimi, "Dada, mkishindwa kulipa, vifaa hivi nitamuuzia nani?" Hatukuwa na jibu. Nyumba inauzika, lori linauzika, mashine ya kusaga inauzika. Redio ya WiMAX iliyofungwa juu ya ghorofa ina thamani kwa kampuni nyingine ya WiMAX pekee, na teknolojia hiyo ikiachwa duniani, haina mnunuzi. Benki ikataka hati ya nyumba, tena kwa mkopo wa miaka mitatu. Mtandao wa namna ile unahitaji miaka saba, pengine kumi, ndipo ujilipe. Halafu vifaa tulikuwa tunavinunua kwa dola na kuuza huduma kwa shilingi.

Yule afisa hakuwa na chuki na teknolojia wala hakuwa mshamba. Alikuwa na akiba za watu zinazoweza kuchukuliwa wakati wowote, nasi tulimwomba azifungie juu ya paa kwa muongo mzima. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba wawekezaji wameikataa teknolojia fulani, kwanza nauliza ni wawekezaji wa fedha ya aina gani. Fedha ya miaka mitatu itaukataa kila mtandao, mzuri na mbaya.

Tulipokosa benki, mwishoni mwa mwaka huo tulikwenda Nairobi kukutana na watu wa mfuko mmoja wa uwekezaji. Tulikaa katika chumba cha mikutano cha hoteli, na kabla hatujafungua kompyuta, mmoja wao akasukuma mbele yetu magazeti. Habari ilikuwa ya Marekani. Agosti 2006, mkuu wa kampuni ya Sprint, Gary Forsee, alikuwa ametangaza kujenga mtandao wa WiMAX nchi nzima, kwa makisio ya hadi dola bilioni 3 ifikapo mwisho wa 2008. Wenye hisa walinung'unika tangu mwanzo. Wateja wa simu za kawaida walikuwa wanaihama kampuni, huku yeye akichukua fedha na kuziweka katika kitu ambacho hakuna mtandao mkubwa wa simu duniani uliokuwa umekithibitisha. Oktoba 2007 Forsee akaondoka. "Sprint wana fedha, wana masafa, wana wateja mamilioni," yule bwana alisema. "Kama wao wanayumba, ninyi mtasimama kwa nini?"

Mwenzake aliongeza jambo la zamani zaidi. Mwaka 2000 serikali ya Uingereza ilipiga mnada masafa ya 3G na kuvuna pauni bilioni 22.5. Kampuni zilizonunua zilikaa na madeni miaka mingi, na simu za 3G zenyewe zilichelewa kufika madukani. Watu wa fedha walikuwa bado wanakumbuka.

Mkurugenzi wetu alijibu kwa kueleza ubora wa WiMAX: kasi yake, umbali wake, jinsi kampuni kubwa ya Intel ilivyokuwa nyuma yake. Alieleza vizuri kweli. Niliona jinsi nyuso zao zilivyobaki vilevile, kwa sababu alikuwa anajibu swali la mhandisi na wao walikuwa wameuliza swali la mfanyabiashara. Hata hivyo na wao waliuliza kwa kuiangalia Marekani. Hakuna aliyeuliza habari za Dar es Salaam: nani yuko tayari kulipa, analipa kiasi gani sasa, umeme ukikatika kituo kitafanyaje, mteja atatumia kifaa gani. Sprint ilikuwa inashindana na mitandao ya waya iliyozagaa kila mtaa wa Marekani. Sisi tulikuwa tunashindana na setilaiti na foleni ya intaneti kafe. Shaka yao ilikuwa ya kuazima, na tuliporudi nyumbani walikuwa hawajajifunza lolote kuhusu soko letu, wala sisi hatukuwa tumejifunza lolote kutoka kwao.

Aliyeuliza swali la maana hakuwa na ofisi. Alikuwa mzee mfanyabiashara wa Kariakoo, muuzaji wa simu kwa jumla, ambaye mkurugenzi wetu alimfikia kupitia kwa ndugu. Tulimkuta dukani kwake, tukamwamkia, akatuagizia kahawa, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi niliyeshika makaratasi.

"Binti yangu, hiyo intaneti yenu mteja anaipokelea wapi?"

Nikamweleza kuwa kuna kisanduku cha kuweka dirishani, chenye antena, kinaunganishwa na kompyuta.

"Bei yake?"

Nikamtajia. Ilikuwa mamia ya dola.

"Na kwenye simu?"

Nikamwambia simu zitakuja.

"Nimerudi kutoka Guangzhou juzi," alisema. "Nimezunguka soko zima. Sijaona simu ya kitu hicho hata moja. Simu iko wapi?"

Hakutupa fedha, na alitusindikiza kwa heshima mpaka mlangoni. Mzee huyu hakujua redio inafanyaje kazi. Alijua jinsi mtu wa Tandale na mtu wa Masasi wanavyonunua: wananunua kitu wanachoweza kukibeba mfukoni, kukichaji, kukiuza wakibanwa, na kumpa mdogo wao wakipata kipya. Aliona kwamba mtandao usio na simu hauna wateja, hata ukiwa na kasi ya ajabu. Sijapata kusikia tathmini bora ya WiMAX kuliko ile, si kwa wachambuzi wa London wala wa New York, na mzee aliitoa akiwa amesimama kati ya maboksi.

Yaliyofuata duniani yalithibitisha maneno yake. Nokia ilitoa kifaa chake cha N810 cha WiMAX mwaka 2008, na mwanzoni mwa 2009 ikaacha kukitengeneza. Kiwango cha LTE, mshindani wa WiMAX katika 4G, kilikamilika mwishoni mwa 2008, na Desemba 2009 kampuni ya TeliaSonera ikawasha mitandao ya kwanza ya kibiashara Stockholm na Oslo. Watengenezaji wa simu walikwenda upande huo, kwa kuwa ndiko kampuni kubwa za simu duniani zilikokuwa zinaelekea. Mwaka 2010 Intel ikafunga ofisi yake iliyokuwa ikisukuma WiMAX. Ubora wa redio haukuwa sababu kubwa. Kiwanda kinatengeneza simu za teknolojia ambayo ina wanunuzi mamia ya milioni, na bei inashuka huko.

Sisi tulijenga hata hivyo, kwa fedha za wanahisa wachache waliouza viwanja vyao. Vituo vichache, juu ya maghorofa ya Upanga, Kariakoo na Kijitonyama. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Gharama yetu ya data ikashuka kama mkurugenzi alivyotabiri, na kwa muda tulipata wateja wengi kuliko uwezo wa mafundi wetu. Nakumbuka furaha ya mwenye stationari mmoja aliyekuwa akiwasaidia wanafunzi kujaza fomu za mikopo ya chuo. Alikuwa akiamka usiku wa manane ili apate intaneti nyepesi, na sasa alifanya kazi mchana. Hilo halikuwemo katika jedwali lolote la mwekezaji.

Halafu mgao wa umeme wa 2011 ukatukuta. Kila kituo kikawa na jenereta, na kila jenereta ikawa na mlinzi, dizeli, na hesabu ya dizeli isiyolingana. Mwaka 2008 dola ilikuwa karibu shilingi 1,200. Mwaka 2011 ilipita 1,600, nasi tulikuwa bado tunadaiwa vifaa kwa dola. Upande wa pili, kampuni za simu zilishusha modemu za 3G kwa bei ambayo kisanduku chetu kisingeweza kuifikia. Wateja wa nyumbani waliondoka mmoja mmoja. Kampuni ikauza wateja wa maofisini kwa kampuni nyingine, ikalipa ilichoweza kulipa, ikafungwa. Wanahisa wale waliouza viwanja hawakurudishiwa chochote. Hilo linaniuma mpaka leo, maana ndio waliothubutu wakati wenye fedha za kuthubutu walipokataa.

Marekani nako hadithi iliendelea kwa namna ambayo watu wa fedha hawapendi kuisimulia hadi mwisho. Sprint iliuweka mradi wake wa WiMAX chini ya Clearwire, kampuni iliyoanzishwa na Craig McCaw, na mwaka 2008 Google, Intel, Comcast na wenzao wakatia dola bilioni 3.2. Haikutosha. Hisa ya Clearwire iliyouzwa kwa umma mwaka 2007 kwa dola 25 ilinunuliwa na Sprint mwaka 2013 kwa dola 5. Mtandao wenyewe wa WiMAX ulianza kuzimwa Novemba 2015. Mwenye shaka angesema, "Nilikwambia." Lakini Clearwire ilikuwa imekusanya masafa mengi ya gigahezi 2.5. Kampuni ya simu ya T-Mobile ilipoungana na Sprint Aprili 2020, masafa hayo ndiyo iliyoyatumia kutangulia wenzake katika 5G nchini humo. Waliosema WiMAX haitadumu walisema kweli. Masafa yenyewe hawakuyapa uzito, na yalibaki pale pale yakisubiri teknolojia yenye simu. Mali ya kweli ya mtandao ilikuwa masafa, na mtu aliyesoma bei ya hisa peke yake hakuiona.

Baada ya kampuni kufungwa nilipata kazi ya mkataba kwa wajenzi wa minara. Hapo nikashangaa kuona wale wale waliotukimbia sasa wanapigana vikumbo kuingiza fedha. Mwaka 2010 Millicom, iliyokuwa ikimiliki Tigo, ilikubali kuiuzia kampuni ya minara ya Helios Towers minara yake ya Tanzania, na mwaka 2013 Vodacom ikauza minara 1,149 kwa kampuni hiyo hiyo. Mnara unapangishwa kwa kampuni mbili, tatu. Mpangaji akiondoka, mwingine anaingia. Teknolojia ikibadilika, chuma kinabaki na redio pekee ndiyo inayobadilishwa. Kwa maneno mengine, lilikuwa limepatikana jibu la yule afisa mikopo. Hatari ya teknolojia ilitenganishwa na hatari ya ujenzi, na fedha ya muda mrefu ikapata mahali pa kukaa. Naamini tendo hili la kugawa mali lilisaidia kupanua mtandao nchini kuliko hotuba zote nilizosikia kuhusu mapinduzi ya kidijitali.

Kazi hiyo ilinipeleka Liwale, mkoani Lindi, kupima kama kata fulani inastahili mnara wenye ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Wakati wa masika barabara ya huko ni mateso. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye sauti ndogo, alinipokea kwake.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Umefika. Wenzako walikuja mwaka juzi, wakapima, wakaenda. Tukadhani tumekosea majibu."

Sentensi hiyo nimeihifadhi. Watu wa kijiji walidhani wamefeli mtihani wasioujua. Hakuna aliyerudi kuwaambia kwamba kamati ya uwekezaji ilipiga wastani wa matumizi ya mwezi, ikaona ni madogo, ikafunga faili. Wastani huo haukuwa na maana pale. Liwale ni nchi ya korosho na ufuta. Fedha inaingia kwa kishindo baada ya minada ya korosho, kuanzia Oktoba kwenda mbele, na vocha zinauzwa mchana na usiku. Ikifika masika mfuko umekauka, na mtu anapiga simu ya dharura tu. Aliyepima Machi aliona kijiji maskini. Angepima Novemba angeona kingine. Mwaka mzima ndio kipimo, na hata huo hautoshi, kwa sababu mkulima ambaye hana mtandao hana namna ya kuonyesha kwamba angeutumia.

Nikafanya kitu nilichojifunza kwa mzee wa Kariakoo. Nilikwenda kwenye kibanda cha kuchajia simu, nikakaa na kijana mwenye kibanda, nikamwomba anionyeshe zilizokuwa zimechomekwa. Karibu zote zilikuwa vitochi. Simu janja zilikuwa za mwalimu, mganga wa zahanati, mnunuzi wa ufuta na vijana wachache waliowahi kufanya kazi mjini. Ripoti yangu ilisema mnara ujengwe na uanze na sauti, redio ya data ifuate, na simu zihesabiwe upya kila mwaka pale pale kibandani. Sehemu ya kwanza ilikubaliwa. Ile ya kuhesabu upya iliachwa. Nilipopita tena miaka michache baadaye kibanda kilikuwa kimejaa simu janja za bei nafuu kutoka China, na mnara ulikuwa bado wa sauti, kwa sababu mjini walikuwa bado wanatumia hesabu ya zamani. Mwaka wa kwanza shaka yao ilikuwa halali. Mwaka wa nne ilikuwa uzembe, na wenyeji ndio walioulipia, kwa kuwa mwenye simu yenye uwezo alikuwa anapanda pikipiki hadi Liwale mjini kutuma fomu.

Mwaka 2017 shaka hii iliingia nyumbani mwa watu wa kawaida. Sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na Vodacom ilitangulia, kwa shilingi 850 kwa hisa. Wawekezaji wakubwa wengi walisita. Muda wa kuuza ukaongezwa, wageni nao wakaruhusiwa, na mwishowe zikapatikana shilingi bilioni 476. Kaka yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, alinipigia simu kuniuliza kama anunue kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Nilimwambia anunue kidogo, asitegemee bei ipande haraka, na aelewe kwamba anachonunua kinategemea uamuzi wa serikali kuliko wingi wa minara. Akanunua kidogo.

Yaliyotokea baadaye yalithibitisha hilo. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 Vodacom ilitangaza hasara. Julai mwaka huo huo ikaja tozo ya miamala ya simu. Watu wakarudi kubeba fedha taslimu, hadi serikali ilipoipunguza tozo hiyo. Sina ugomvi na usajili wa laini; una sababu zake. Ninachosema ni kwamba mwekezaji anayeogopa 4G au 5G katika nchi zetu aghalabu anaogopa kitu kingine ambacho hakitaji katika kikao: kwamba sheria itabadilika katikati ya njia. Ukimwonyesha ubora wa redio hujagusa hofu yake.

Na kwamba ishara peke yake haitoshi, majirani zetu wametupa ushahidi wa kutosha. Rwanda iliingia mkataba na kampuni ya simu ya KT ya Korea Kusini mwaka 2013, kampuni moja ikajenga mtandao wa 4G wa jumla kwa haki ya pekee ya miaka 25, na wengine wote wakanunua kwake. Huduma ilianza 2014. Katika miaka michache ishara ya 4G ilifunika zaidi ya asilimia 90 ya watu. Upande wa ujenzi, wenye shaka walikuwa wamekosea kabisa. Lakini wengi waliofunikwa waliendelea na 3G, kwa kuwa simu ya 4G ilikuwa ghali na bei ya jumla haikushuka kiasi cha kuwavuta. Serikali ikaifuta haki ile ya pekee, na mwaka 2023 MTN ikawasha 4G yake yenyewe. Nchini Kenya, kampuni ya Loon, mali ya Alphabet, ilirusha maputo ya intaneti pamoja na Telkom Kenya Julai 2020. Maputo yalifanya kazi. Januari 2021 wenyewe wakatangaza kuifunga Loon, kwa kuwa hawakuona njia ya kuifanya ijilipe.

Ripoti ya 2024 ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, inaonyesha kwamba Kusini mwa Sahara karibu watu 6 kati ya 10 wanaishi mahali penye mtandao wa data lakini hawautumii. Wasiofikiwa kabisa na mtandao ni karibu asilimia 13. Niliposoma takwimu hizo nilimkumbuka mzee wa Kariakoo, ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Swali lake la 2007 ndilo swali la bara zima sasa.

Basi 5G je? Nilimwambia mpwa wangu kwamba simu za 5G bado ni za wachache hapa, na hiyo ni sababu ya kweli ya kusita. Lakini asiangalie simu peke yake. Katika vitongoji vya Dar es Salaam vinavyokua kwa kasi, Goba, Madale, Kibamba, nyumba zinajengwa haraka kuliko nyaya zinavyochimbiwa, na ruta ya 5G inayochomekwa ukutani inampa mwenye nyumba intaneti ya ofisini siku hiyo hiyo. Hiki ndicho tulichotaka kufanya mwaka 2007. Tofauti ni kwamba ruta ya leo inatengenezwa kwa ajili ya dunia nzima, na bei yake inashuka bila sisi kufanya lolote. Na masafa yaliyonunuliwa Oktoba 2022 yatabaki na thamani hata jina la teknolojia likibadilika. Mwenye fedha ya miaka kumi ana sababu ya kuingia. Mwenye fedha ya miaka mitatu akae kando, bila lawama.

5G ya mjini haihitaji fedha ya umma. Wateja wake wanaweza kuilipia. Kijijini ni suala jingine, na huko serikali imekwisha kuingia kwa kishindo. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku. Nimefurahi kuona hilo, kwa sababu nimekaa na watu waliodhani wamekosea majibu. Ila mnara wenye redio ya data katika kata isiyo na simu za data utatupa takwimu kama za Rwanda: ishara kila mahali, watumiaji wachache, na mwekezaji anayefuata atazionyesha mezani kama ushahidi wa kukataa. Simu za mkopo unaolipwa kidogo kidogo kila siku zimeanza kuenea mijini. Ziendelee hadi kwenye vyama vya ushirika vya msingi, mkulima alipe baada ya mnada wa korosho. Kodi ya simu za bei ya chini ipunguzwe. Mifuko ya hifadhi ya jamii, ambayo ndiyo yenye fedha ya miaka ishirini katika nchi hii, ipewe nafasi ya kununua sehemu ya minara, mahali ambapo hatari inapimika.

Na wabunge wetu, bajeti ya wizara yenye dhamana ya mawasiliano inapoletwa Dodoma, wamwombe waziri takwimu mbili kwa kila kata iliyopata ruzuku: watu wangapi wanatumia data mwezi wa korosho, na wangapi mwezi wa masika. Zichapishwe, kila mwenye fedha azisome.